Masaba: Kisiwa cha Moto Kisicho na Bahari

Mpenzi msomaji, mtu wa Pwani akitajiwa kisiwa hutafuta maji kwa macho. Ndivyo tulivyolelewa. Kisiwa kwetu ni ardhi iliyozungukwa na bahari, haifikiki ila kwa chombo, na asiye na nauli hubaki ufukweni akipunga mkono. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Bungoma, mbali kabisa na harufu ya ngizi na mwani, na huko nikaonyeshwa kisiwa. Wala si kimoja. Ni safu nzima ya visiwa vilivyozaliwa na moto, na bahari inayovizunguka ni ya mahindi na miwa upande mmoja, na ya nyasi kavu za Karamoja upande wa pili.

Kisiwa kikuu katika safu hiyo ni Mlima Elgon, ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Nyuma yake, ukielekea kaskazini ndani ya Uganda, imesimama milima ya Kadam, Napak na Moroto. Yote ni mabaki ya volkano za kale, imepangana kama majahazi yaliyotia nanga na kusahauliwa na manahodha wake. Wataalamu wa mimea wana jina lao kwa milima ya namna hii. Huiita visiwa vya angani, kwani mimea na wadudu wa kule juu kwenye baridi hawawezi kuteremka kwenye joto la bondeni wakavuka kwenda mlima wa pili, kama vile mbuzi wa Pate asivyoweza kwenda Lamu kwa miguu yake. Kila mlima una wenyewe.

Ama nitasema kwa nini jambo hili lilinigusa. Mwaka 1977 nilikuwa mtoto mdogo chuoni, na mwalimu wetu alikuwa Mngazija, mtu mpole, fimbo yake ilikuwa ya kutishia tu. Asubuhi moja aliingia uso umemsawijika, akatuambia tufunge juzuu zetu. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mlima wa kwao, Karthala, umepasuka, na uji wa moto umeshuka hadi kijiji cha Singani ukala nyumba za watu. Siku ile hatukusoma. Alituchorea mchangani visiwa vyao vinne, Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, akatueleza kwamba vyote vilitoka chini ya bahari kwa moto, kimoja baada ya kingine, na kwamba Ngazija ndicho kitindamimba, ndiyo maana bado kinalia. Mtoto wa mwisho, alisema, hachoki kulia.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma nikakuta mwalimu hakukosea. Karthala, wenye mita 2,361, umepasuka tena mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2005 na 2006, ilhali Maore, kisiwa kikongwe katika wale wanne, kimekwisha chakaa na kupungua kimo. Na moto wenyewe haujalala, kwani kuanzia mwaka 2018 volkano mpya ilizaliwa chini ya bahari mashariki ya Maore, ikainuka mita mia nane na zaidi kutoka sakafu ya bahari, na hakuna aliyeiona kwa macho. Basi tangu siku ile ya chuoni, neno volkano kwangu lina sura ya mwalimu yule aliyeinama juu ya mchanga.

MLIMA USIOONEKANA

Kwa hiyo nilipofika Bungoma na kuambiwa kwamba volkano kubwa iko pale pale, nilitazama huku na huko kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nilizoea picha za Kilimanjaro, mlima unaosimama peke yake kama bwana harusi. Nikamwuliza kijana wa bodaboda aliyenichukua stesheni ya matatu, "Mwanangu, Mlima Elgon uko wapi?"

Akacheka. "Mzee, si huo unaoutazama? Huo wote."

Naam, huo wote. Masaba haukusimama, umelala. Kitako chake kina upana wa kama kilomita 80, na watu wa elimu ya miamba husema ni miongoni mwa volkano zenye kitako kipana kuliko zote duniani zilizosimama peke yake. Kutoka Bungoma, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ardhi hupanda pole pole, shamba baada ya shamba, hata usijue ni wapi ulipovuka kutoka bondeni ukaingia mlimani. Kilele kirefu, Wagagai, kiko Uganda na kimefika mita 4,321. Upande wa Kenya kuna Koitobos, mita 4,222, kilichopasuliwa juu kama meza. Katikati ya vilele hivyo kuna kasoko, yaani kinywa cha volkano kilichobomokea ndani, chenye upana wa kama kilomita 8. Umri wake ni mamilioni ya miaka, wengine wakihesabu 20 na ushei. Kilimanjaro mbele yake ni mjukuu. Tena yako maoni kwamba katika ujana wake Masaba ulikuwa mrefu kuliko mlima wowote wa Afrika hivi leo, kabla mvua na upepo havijauketisha.

Moto wake umezimika zamani, lakini umeacha urithi. Udongo mwekundu unaoota mahindi ya Trans Nzoia na vitunguu na kabeji zinazojaa soko la Chwele ni majivu yake yaliyooza. Kadhalika maji. Mito ya kusini mwake huingia Nzoia na kuishia Ziwa Viktoria, na kwa hiyo hufika Nile. Mto Suam, unaotoka ndani ya kasoko kwenyewe, hushuka upande wa pili, ukabadilika jina ukawa Turkwel, ukaenda kunywewa na Ziwa Turkana. Mlima mmoja, maziwa mawili. Mkulima wa Kimilili na mfugaji wa Lodwar wanachota katika mtungi mmoja, na huenda hawajawahi kusalimiana.

MTU WA MLIMA LAMU

Nilikwenda kwanza upande wa Kimilili. Ukisalimiwa "Mulembe", jibu ni hilo hilo, nami nililijibu mara nyingi kabla sijaketishwa mbele ya ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji aliyepikwa kwa subira. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenikumbusha kwamba watu wa huku na sisi wa Pwani tuna deni la zamani.

Kimilili ndiko nyumbani kwa Elijah Masinde, mchezaji mpira hodari aliyegeuka kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Wafuasi wake waliugeukia Mlima Masaba katika sala zao, wakadai Mzungu arudi kwao na ardhi irudi kwa wenyewe. Serikali ya kikoloni kwanza ilimfungia katika hospitali ya wendawazimu ya Mathari. Mwezi Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, wakafa watu 11. Masinde alikamatwa, dini ikapigwa marufuku, na yeye akahamishiwa mbali, Lamu. Alirudi karibu na uhuru, na akafa mwaka 1987 akiwa bado hakubaliani na serikali yoyote.

"Hebu fikiri," mwenyeji wangu aliniambia, "mtu aliyezoea kuamka akauona mlima, anaamka anaona maji mpaka mwisho wa macho. Nyinyi mlimpokeaje?"

Sikuwa na jibu. Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa, lakini swali lilinikaa kooni njia nzima. Mwana wa mlima aliletwa kwetu kwa pingu, nami mwana wa bahari nimekwenda kwao kwa hiari, na kuku nikachinjiwa.

PANGO LA NDOVU

Upande wa pili wa mlima mlango wake ni Kitale. Mji huu una jumba la makumbusho lililoanza na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Stoneham, mnamo 1926, na tangu 1974 ni mali ya taifa. Mgeni akianzia hapo hatapotea. Kisha hupita Endebess, akaingia lango la Chorlim la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968, yenye kilomita za mraba 169. Barabara ni ya udongo, na mvua ikinyesha utelezi wake si wa mchezo. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu. Ukiingia utakuta mibodo na mizeituni ya porini ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia, na mbega wakirukaruka na makoti yao meupe na meusi kama maulamaa waliochelewa hitima.

Lakini sifa ya Elgon ni mapango. Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha ndiyo yatajwayo zaidi. Makingeny lina maporomoko yanayoshuka mbele ya mlango wake kama pazia la shanga. Kitum limechimba mlima kwa kiasi cha mita 200, na waliolichimba, au angalau waliolipanua, ni ndovu. Sababu yake ni chumvi. Mvua za miaka mingi zimeiosha chumvi katika udongo wa mlimani, majani hayana, na mnyama hawezi kuishi bila hiyo. Ndovu wakagundua kwamba jiwe la ndani ya pango, lililofanywa na majivu ya volkano, lina chumvi. Basi huingia usiku, mmoja nyuma ya mwingine, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, wana wakiwa katikati. Hubomoa ukuta kwa meno yao, wakasaga jiwe, wakala. Ukuta umejaa mikwaruzo ya meno mpaka juu ya kichwa cha mtu. Niliiwekea kidole, nikakumbuka kisa cha vijana wa pangoni tulichofundishwa chuoni, waliolala miaka mia tatu na ushei, na nikasema kimoyomoyo kwamba pango hili nalo lina wake waliolikimbilia.

Hawakuwa ndovu peke yao. Wasabaoti waliishi katika baadhi ya mapango haya na ng'ombe wao, wakijificha baridi na maadui. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika hapa mwishoni mwa 1883, aliwakuta humo akastaajabu. Mwaka 1925 akaja daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, akaandika jinsi wazee wa mlimani walivyotoka alfajiri, wakapulizia viganja vyao, kisha wakavielekeza kwa jua linalochomoza.

Ama Thomson hakuja peke yake. Mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi wa Pwani na Unguja, na sehemu ya safari yake aliandamana na Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe kutoka Pangani. Misafara ya kwetu ilikuwa imekwisha fika Mumias kabla yake, ikitafuta meno ya ndovu. Mlango wa Zanzibari uliochongwa kwa ustadi, na kasha lililopambwa kwa shaba, vililipiwa kwa meno kama haya haya yaliyokwaruza ukuta wa Kitum. Tangu hapo bunduki hazikukoma. Wawindaji haramu wa miaka ya 1970 na 1980 waliwamaliza ndovu wa Elgon vibaya, na waliobaki ni wachache, tena waoga.

Kiongozi wangu alikuwa mzee wa Kisabaoti. Tulipoketi mlangoni mwa pango, aliniuliza pasipo ukali, "Mzee, watu wa kwenu walikuja kuchukua meno. Wewe umekuja kuchukua nini?"

Nikamjibu kama mtunzi wa mashairi anavyojibu, "Mimi nimekuja kuchukua maneno, si meno."

Akatikisa kichwa, hakucheka. "Maneno nayo yana uzito. Ukiyabeba, usiyafikishe pungufu."

MANENO YENYEWE

Basi, msomaji wangu, niyafikishe kama alivyonipa.

La kwanza ni la ugonjwa. Jina la Kitum lilienea duniani kwa ubaya. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika eneo hili alifariki Nairobi kwa homa ya Marburg baada ya kulizuru pango, na mwaka 1987 kijana wa Kideni wa miaka 15 akafariki vivyo hivyo. Baadaye wataalamu walivikuta virusi vyake kwa popo wa pango hilo hilo. Jambo hili si la kuficha, wala si la kuogofya watu wasije. Wako maelfu walioingia wakatoka salama. Mgeni asishike popo wala mavi yao, asiguse kuta kwa mkono wenye jeraha, afunike pua na mdomo, avae viatu vizima, asikilize askari wa hifadhi, na akipenda atosheke na mlangoni. Mimi kidole nilichokiweka ukutani kilikuwa ndani ya glovu, na mzee alinikaripia hata hivyo.

La pili ni la damu. Kati ya 2006 na 2008 mteremko huu uliwaka moto usiokuwa wa volkano. Ugomvi wa mgao wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililoua, likakata watu masikio, likawatoza kodi majirani zao. Machi 2008 serikali ilileta jeshi, na watetezi wa haki za binadamu wakalaumu pande zote mbili kwa mauaji na mateso. Waliokufa ni mamia. Wapo waliopotea ambao wake zao hawajui mpaka leo wahesabiwe wajane au la. Mgeni anayepanda kutoka Kapsokwony akiona mandhari tu, bila kujua kwamba mama anayemwuzia maziwa ya mursik huenda anamngoja mtu, ameona nusu ya mlima.

La tatu ni la Chepkitale, na hili ndilo mzee alilonikazia. Juu ya msitu, mahali miti inapokoma na nyasi za baridi kuanza, ndiko kwa Waogiek wa Elgon, wafugaji na warina asali. Mwaka 2000 nchi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama pasipo wao kuulizwa, na waliokuwa wakiishi humo siku zote wakawa wavamizi kwa siku moja. Walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa, wakarudi. Waliandika sheria zao za jadi za kuulinda msitu na ndovu, kisha wakaenda kortini. Mwezi Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapo hapo Bungoma, iliamua kwamba kutwaliwa kwa nchi yao kulivunja Katiba. Safari hiyo ya sheria iliwachukua miaka mingi kuliko kupanda mlima kwa magoti.

Nimeyaweka haya katika makala ya matembezi kwa makusudi. Kila mwaka husikia wakubwa wakisema Magharibi ya Kenya ifunguliwe kwa watalii, na mimi nasema ameni. Mlima huu unastahili. Una utulivu ambao Pwani tumekwisha uuza. Lakini sisi wa Pwani tunajua jinsi hadithi hiyo inavyokwenda. Hutangazwa pwani nzuri, hujengwa hoteli, na mvuvi aliyekuwa akianika nyavu zake pale huambiwa apite nyuma ya ukuta. Chepkitale wasije wakawa wavuvi wa mlimani. Ikiwa mgeni ataipanda njia ya Kimilili, apite Kapsokwony na msitu wa Kaberwa hadi Chepkitale, basi amkute mwenyeji akiwa mwenyeji, ndiye kiongozi, ndiye muuza asali, ndiye mwenye kusema hapa lala na hapa usilale.

Nina ombi jingine dogo. Yule kijana wa bodaboda wa Bungoma, nilipomwuliza kama amewahi kufika kileleni au pangoni, alisema, "Hapana Mzee, kule ni kwa Wazungu." Amezaliwa akiutazama mlima, hajaukanyaga. Watoto wa shule za Bungoma na Webuye wakipelekwa Mombasa kuona bahari, ni jambo jema, karibuni. Lakini wapelekwe kwanza Masaba. Na watoto wa Lamu nao waletwe, wauone mlima ambao yule mzee aliyehamishiwa kwao alikuwa akiukumbuka.

Siku ya mwisho niliamka alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ukungu ukajaa mabonde yote ya chini mpaka Bungoma haikuonekana, mashamba hayakuonekana, ila weupe mtupu ulionyooka kama bahari shwari, na vilima vichache vikitokeza vichwa. Kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho yangu kile kisiwa. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kingazija, Mungu amrehemu, na visiwa vyake vya mchangani. Nilivuta karatasi mfukoni nikaandika haya, nanyi mniwie radhi, kwani mazoea yana taabu:

Nimetoka baharini, nimekwea juu kule,
Nimeingia pangoni, pa ndovu wa tangu kale,
Meno sikuyatamani, nayaacha pale pale,
Nimebeba ulimini, neno la wenyeji wale.

Mzee wangu wa mlimani, kama gazeti hili litakufikia, yapime. Nadhani hayakupungua.